Kunyimwa Si Kupenda

Kiswahili kina neno moja, kucheza, nalo ni pana kama bahari. Mtoto hucheza kombolela, mzee hucheza bao, vijana hucheza mpira, harusini huchezwa ngoma, na kina mama waliokubaliana kuchangiana fedha kwa zamu husemwa kwamba wanacheza upatu, au kwa ufupi wanacheza mchezo. Lugha iliyowakusanya wote hawa chini ya kitenzi kimoja haikuona kwamba kucheza ni haki ya jinsi moja na hisani kwa jinsi nyingine. Hata hivyo lipo duniani soko kubwa la michezo ya video ambalo kwa zaidi ya miaka 40 limekuwa likijiuliza swali lile lile: mwanamke avutwe kwa chambo gani? Na kila mara jibu limekuwa la jamaa moja: rangi ya waridi, peremende, mwanasesere, mtoto wa kulea, sufuria ya kupikia.

Hoja inayotetewa hapa ni nyepesi kutamkwa na nzito kukubaliwa. Wauzaji wa michezo hiyo hawakupata kumjua mwanamke. Walichokijua ni upungufu aliopangiwa. Muda wake ulipokuwa umekatwa vipande, walisema anapenda michezo mifupi. Pahala alipozuiwa kuketi, walisema hapapendi. Alichonyimwa wakakiita tabia yake, kisha wakamuuzia tabia hiyo kwa bei.

Mwanzo wa kisa uko Japani. Mwaka 1980 kampuni ya Namco ilitoa mchezo wa Pac-Man. Mbunifu wake, Toru Iwatani, ameeleza mara nyingi kwamba kumbi za michezo za zama zile zilikuwa ngome za wanaume, zimejaa michezo ya kupiga risasi viumbe wa angani, naye alitaka kubuni mchezo utakaowavuta wanawake. Akajiuliza wanawake hupenda nini, akajijibu kwamba hupenda kula, hasa vitamutamu. Ndipo likazaliwa lile duara la manjano lenye kinywa wazi, likizunguka njiani na kumeza vidoa. Iwatani hakuwa na nia mbaya, na mchezo wake ulikuwa mzuri, ukapendwa na wake kwa waume. Lakini na itazamwe njia iliyopitwa na fikra yake. Alikuta ukumbi uliojaa wanaume. Swali la kwanza lilikuwa ni nani aliyeufanya ukumbi huo usikalike na mwanamke. Aliloliuliza yeye ni la pili: mwanamke ana uchu wa nini? Mwaka 1982, huko Marekani, akafuata Ms. Pac-Man, duara lile lile lililofungwa utepe kichwani na kupakwa rangi ya mdomo. Mke akapatikana kwa kumpamba mume.

Waliofuata walipita njia hiyo hiyo wakaipanua ikawa barabara. Mwaka 1989 Nintendo iliuza chombo cha kuchezea cha mkononi ikakiita Game Boy, jina lililomtaja mvulana peke yake kana kwamba hazaliwi mwingine. Mwaka 1996 kampuni ya Mattel ilitoa Barbie Fashion Designer, mchezo wa kumshonea nguo mwanasesere. Ulipouzwa kwa mamia ya maelfu, soko zima likaamini kwamba limegundua siri ya wasichana wote wa ulimwengu. Mwaka ule ule, Uingereza, alizaliwa Lara Croft wa Tomb Raider, mwanamke hodari wa kupanda majabali na kupambana na wanyama wakali, lakini matangazo yake yalimwendea kijana wa kiume, na umbo lake likatangulizwa mbele ya ushujaa wake. Alikuwapo pia aliyejaribu kuuliza kabla ya kuuza. Brenda Laurel wa Marekani alifanya utafiti mrefu miongoni mwa watoto, na utafiti huo ukazaa kampuni ya Purple Moon mwaka 1996. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 1999, ikanunuliwa na nani? Na Mattel, mwenye Barbie. Ilipoingia miaka ya 2000, Nintendo na Sony walitoa vyombo vyao kwa rangi ya waridi, na mwaka 2007 Ubisoft ikaanza mfululizo wa Imagine, ambao ulimwalika msichana kulea watoto wachanga, kupika na kubuni mavazi. Maana yake ni kwamba mtoto wa kike akimaliza kazi za nyumbani na kupata nafasi ya kupumzika, burudani aliyoandaliwa ni kazi za nyumbani.

Ujanja uliokamilika zaidi ulikuja na simu. Candy Crush Saga, mchezo wa kampuni ya King uliotoka mwaka 2012, ulipangwa kwa ustadi mkubwa. Kila hatua ni ya dakika chache. Peremende za rangi hupangwa tatu tatu zikapasuka. Mchezaji ana maisha matano, na kila moja likipotea hulingoja dakika 30 lirudi, ama aombe kwa marafiki, ama alipe. Wateja wake wengi ni wanawake, na wenye soko walifurahi wakasema: tazama, mwanamke hupenda mchezo mfupi, mwepesi, mtamu, usio na vita. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba King inanunuliwa kwa dola bilioni 5.9. Fedha hizo zilitoka wapi? Zilichumwa katika vipande vya muda: dakika kumi baada ya kulaza mtoto, dakika tano katika foleni ya zahanati, dakika nane wakati wa kungoja chungu kichemke. Aliyeviona vipande hivyo angeweza kuuliza ni nani aliyekivunja chombo. Soko likaviokota vigae likavitia bei.

Mwenye kusoma haya akiwa Unguja, Mombasa au Lamu aweza kusema kwamba hizo ni habari za Tokyo na London, na kwamba huku kwetu tatizo halijafika. Tangazo halina miguu ya kuchoka. Hufika kila penye simu, na simu imefika hata Katumba.

Katumba iko karibu na Mpanda, katika reli itokayo Kaliua, kwenye eneo ambalo tangu mwaka 2012 limo katika Mkoa wa Katavi. Ni makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walikuta pori wakaligeuza mashamba ya mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Kwa miaka mingi mkaazi wake hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila ya kibali. Mwaka 2007 serikali iliwapa wakimbizi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu hiari ya kurejea kwao au kuomba uraia. Takriban watu 162,000 wakakubaliwa mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Nchi waliyotoka ina igisoro, mchezo wa safu nne, vishimo 32 na kete 64, ndugu wa damu wa bao linalochezwa barazani Zanzibar na Lamu. Mtu akikimbia huacha nyumba na ng'ombe. Mchezo huhama naye kichwani, kwani hauna uzito wa kubeba. Watu wa Katumba, basi, ni wajuzi wa mambo mawili yanayohusu hoja hii: wanajua kucheza, na wanajua maana ya mlango unaofunguliwa kwa ruhusa ya mwingine.

Na afikiriwe binti mmoja wa mahali kama hapo, wa miaka 16, asiyepewa jina kwa kuwa majina yake ni mengi. Huamka kabla ya jua akateka maji. Msimu wa tumbaku ukifika, hufunga majani kwenye fito, na kuni za kukaushia bani la tumbaku humhusu kama zile za jikoni. Akitoka shuleni hukuta kazi inamngoja. Kaka yake, aliyezaliwa tumbo moja naye, akimaliza sehemu yake huenda sokoni kwenye kibanda cha gemu, akatoa sarafu, akaketi kwenye benchi mbele ya televisheni, akacheza mpira na wenzake mpaka giza liingie. Binti akipita hapo na ndoo kichwani akasimama kutazama, ataulizwa anatafuta nini. Hakuna ubao ulioandikwa kwamba wasichana hawaingii. Hauhitajiki, macho ya waliomo ndani ni ubao tosha.

Simu ya nyumbani ni ya baba. Binti huipata anapotumwa kuipeleka ikachajiwe, au anapoitwa kumsomea bibi ujumbe. Jioni moja inabaki mkononi mwake dakika kumi, na bando lina salio kidogo. Tangazo linatokea: peremende, maua, mwanasesere wa kuvishwa. Anabonyeza, anacheza, anaitwa, anairudisha. Huko mbali, katika hesabu za muuzaji, jambo hili linaandikwa: mchezaji huyu alivutiwa na peremende, alicheza kwa muda mfupi, hakulipa. Hesabu hiyo haina safu ya kuandika kwamba alikuwa na dakika kumi tu, kwamba simu haikuwa yake, kwamba mchezo alioutaka ulikuwa ule wa kibandani, na kwamba aliuacha huu kwa kuwa aliitwa kutia maji ya ugali jikoni. Kesho yake itatolewa hukumu kwamba wasichana wa Afrika hupenda michezo mifupi yenye peremende, na tangazo litakalofuata litakuwa tamu zaidi kuliko la kwanza.

Ushahidi wa kuivunja hukumu hiyo upo, tena wa karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nokia ilitia katika simu zake mchezo wa nyoka. Nyoka yule hakuwa na rangi ya waridi wala utepe. Alikuwa mstari mweusi juu ya kioo cha kijani, akila na kurefuka mpaka ajigonge. Hakutangazwa kwa wanawake wala kwa wanaume. Pamoja na hayo, simu hizo zilipoenea, mama mwenye duka alimcheza, mwanafunzi alimcheza, bibi arusi alimcheza akisubiri kupambwa. Waliucheza kwa sababu moja iliyo wazi: simu ilikuwa mikononi mwao na hakuna aliyewauliza wanatafuta nini. Mlango ulipoachwa wazi, chambo hakikuhitajika.

Ushahidi wa pili ni Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kwa jina la ulingoni la Queen Arrow. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo XiT Woundz, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuingia katika timu ya kimataifa ya michezo ya video ya mashindano. Na mchezo wake ni upi? Ni Tekken, mchezo wa ngumi na mateke, wa kupimana akili na wepesi wa vidole. Hapa pana kejeli ya aina yake, kwani Tekken ulianzishwa mwaka 1994 na Namco, kampuni ile ile iliyodhani mwaka 1980 kwamba mwanamke hatokuja ila kwa jambo la kula. Mwanamke wa Nairobi ameipita sinia ya vitamutamu akaenda kusimama ulingoni.

Atajibu mtetezi wa soko kwamba huyo ni mmoja, na kwamba kwa jumla wanawake hawapendi mashindano. Anayesema hivyo hakuwahi kuujua mwambao. Vyama vya lelemama vya Mombasa, Lamu na Unguja vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa maneno makali yaliyofumbwa, na washindani walikuwa wanawake watupu. Nage ya visiwani na rede ya bara ni michezo ya wasichana ya kurushiana mpira na kukwepa, na asiye mwepesi hutolewa mchana kweupe bila ya kuonewa huruma. Na mwenye kutaka kujua kama mwanamke hupenda kushindana, na awasikilize mashabiki wa vikundi viwili vya taarabu vilivyohasimiana. Moyo wa kushindana haujapata kuwa haba kwa wanawake hawa. Kinachoonekana haba kwenye kumbi za gemu ni viti vyao.

Mwambao unayo pia dawa ya ugonjwa huu wa biashara, nayo imevaliwa mabegani kila siku. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso zilizouzwa kwa mistari, wakazikata na kuziunga sita sita wapate vazi walilolitaka wao. Wafanyabiashara walipoliona wakafuata nyuma, wakaagiza vitambaa vilivyochapishwa kwa kipimo hicho, na baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, yakaja maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kirumi. Hivyo ndivyo ilivyokuja kanga. Mnunuzi aliongoza na muuzaji akajifunza. Maneno yanayochapishwa hadi leo yanatoka vinywani mwa wenye kuivaa, nayo isiyo na jina zuri hulala dukani. Biashara ya kanga haikuanza kwa kumkisia mwanamke. Ilianza kwa kuitazama kazi ya mikono yake. Seuze wenye viwanda vya michezo, ambao wana kompyuta za kuhesabu kila kidole kinachobonyeza, washindwe na walichokiweza wauza nguo wa zama za majahazi?

Lakini itakuwa hiana kuitupa lawama yote ng'ambo ya bahari. Baraza za miji ya mwambao, ambako huchezwa bao, keram na dhumna, wanaoketi ni wanaume. Mwanamke hupita, husalimu, hunyapia njia. Jamvi analokalia mcheza bao limesukwa na mwanamke, ukili kwa ukili, naye hana pa kuketi juu yake. Kisha mwenye jamvi hilo humcheka Mjapani kwa kuwaza mambo ya vitamutamu! Muuzaji hakuumba upungufu wa msichana. Aliukuta umeandaliwa na baba, kaka, jirani na desturi, akaupaka rangi. Kibanda cha gemu cha Katumba ni mtoto wa baraza ya Mji Mkongwe, na mtoto hafundishwi na mwingine ila mzazi wake.

Kuna wazee watakaosema kwamba michezo hii yote ni upotevu wa wakati, na kwamba ni bora binti asiijue. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ingetumika kwa wote. Mvulana akipoteza saa tatu kibandani huambiwa ni kijana. Msichana akipoteza dakika kumi huambiwa ameharibika. Kama wakati ni mali, ni mali ya wote wawili, na aliyekwisha kufanya kazi zaidi ndiye mwenye haki zaidi ya kuupoteza kidogo. Wapo na wale watakaosema kwamba mahali kama Katumba pana shida kubwa kuliko gemu: maji, shule, zahanati, barabara. Ni kweli, na shida hizo zitatuliwe. Ila itazamwe ni nani anayeubeba uzito wa maji yaliyo mbali, na ni nani hukosa mchezo kwa sababu hiyo. Bomba likifika kijijini, saa alizokuwa akizimaliza njiani zitakuwa mikononi mwa nani? Kama hatosemewa sasa, saa hizo zitajazwa kazi nyingine kabla bomba halijakauka rangi.

Basi yapo ya kudai, na ya kudai kwa jina. Muuzaji wa michezo adaiwe aache kuuliza binti anabonyeza nini, aulize kwa nini aliacha. Wabunifu wa Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, ambao wamekwisha kuanza kutengeneza michezo yao, wadaiwe wasirithi makisio ya Tokyo. Mbele yao wanayo nage, rede, mdako, bao na igisoro, michezo yenye hila na mahesabu, na wenye kuicheza wapo hai wa kuulizwa. Mwenye kibanda adaiwe benchi moja na saa chache za juma ambazo msichana ataketi bila ya kuhojiwa, naye atashangaa jinsi sarafu zake zinavyoongezeka. Mzazi adaiwe ahesabu saa za kaka na za dada kwa kidole kimoja. Na watu wa baraza wadaiwe wasogee. Wana wa Katumba walikaa miaka mingi wakiomba kibali cha kuvuka mpaka wa makazi yao, na hakuna mwenye akili aliyesema kwamba walikaa ndani kwa kuwa hawapendi safari. Binti yao naye asisemewe kwamba hapendi mchezo, ilhali kibali chake bado kimo mfukoni mwa wengine.

Rangi hakuiombea, wala pipi mkononi,
Kiti amekingojea, asimame hata lini?
Muda wamemtwalia, wa kucheza uwanjani,
Mpisheni naye pia, aketi hapo jamvini.